Kengele za Mbuzi wa Ngome ya Doro

Isiolo, 4 Februari 2024

Kwa mke wangu mdogo Lorna,

Habari ya huko? Sisi wazima, ila goti langu. Usitishwe na bunduki. Mimi babu yako Lopeyok nimepigana vita tatu na sijashindwa hata moja. Haya, ni mbili. Sawa, hakuna. Nilichunga punda wa mizigo huku wanaume wengine wakipigana, na punda mmoja alipotea.

Unasema umeacha kutengeneza pampu za mfalme wa Kelemo, umeingia msituni na wale wajamaa wanaosema visima ni vya watu wote. Mama yako Alice analia. Mimi nauliza tu: kweli mfalme anauzia wachungaji maji? Hata Mungu huwanyima maji watu wa Sericho, huku kwetu kwenye ukame, lakini hajawahi kuwauzia.

Mume wako mzee,
Babu

Milima ya Kelemo, 26 Februari 2024

Babu, mume wangu,

Goti linaendeleaje? Mama ale, umwambie mimi nakula.

Ni kweli, anauza. Na ngome yake ya Doro imefunga njia ya mji mkuu. Ndani kuna wenzetu kumi na tisa, watanyongwa tarehe moja Mei, sikukuu ya mfalme. Tunataka kupita chini ya ngome alfajiri, kwenye ukungu, kama wachungaji, bunduki ndani ya mizigo ya punda, tuingie kwa nyuma. Lakini mbuzi wana kengele. Tukizivua, wanapotea kwenye mawe. Nyinyi wazee mlipitaje kwa adui?

Mjukuu wako,
Lorna

Isiolo, 10 Machi 2024

Mke wangu,

Salamu nyingi. Hilo swali ni jepesi hata kwa mtu wa darasa la tatu kama mimi. Jazeni kengele nyasi, zitanyamaza.

Nimemwambia pasta akuombee bila kutaja bunduki. Jumapili ameombea “mradi wa maji wa dada yetu”. Usife, nitaonekana mwongo kanisani.

Babu

Isiolo, 12 Mei 2024

Lorna,

Uko mzima? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mungania, yule dereva wa miraa anayebeba barua zetu, amerudi tena kutoka mpakani mikono mitupu. Tarehe moja imepita. Alice hapiki, anakaa tu.

Jana nilikuwa soko la mifugo, nikaona mbuzi anatafuna kofia ya nyasi ya mzee Ekai. Mbuzi hula nyasi, Lorna. Sisi tulijaza mavi ya punda. Nilisahau mavi.

Babu yako

Kelemo, 20 Mei 2024

Babu,

Mimi mzima kabisa. Baada ya ile ya nyasi barabara zilifungwa, barua zako nyingine zote zimefika leo pamoja.

Mbuzi walikula, ndiyo. Tulipofika chini ya ngome, kila mbuzi alikuwa amemaliza nyasi za kengele ya mwenzake, bonde lote likalia kama kanisa siku ya harusi. Nikajua tumekufa. Lakini askari wa mfalme hawakuwa wameonja nyama tangu Krismasi. Walifungua lango, wakatoka mbio kukamata mbuzi, wengine miguu mitupu, bunduki wameacha ndani. Sisi tukaingia walikotokea.

Wenzetu kumi na tisa walitoka kwa miguu yao. Wiki mbili baadaye mfalme alitoroka. Leo nimeona mama mzee akijaza mitungi saba bila kulipa, kila mara anageuka nyuma kuangalia kama ataitwa.

Wamenipa visima vyote vya nchi nivisimamie.

Mjukuu wako,
Lorna

Isiolo, 6 Juni 2024

Mkubwa wa visima,

Habari ya ukubwa? Barua yako nimesoma kanisani, mpaka pasta akapiga makofi. Mahali pa mbuzi nimesema tulipanga hivyo tangu mwanzo. Usinipinge. Alice amepika chapati, majirani wamemaliza.

Sasa, kuna kitu nakudai. Ulipokuwa mdogo nilikukata kucha miaka minne, ukinipiga mateke ya uso. Siku hizi mgongo wangu haupindi, na kucha za miguu yangu zinafukuza kuku. Alice amekataa kuzigusa. Usinitumie mtu wa serikali yako. Njoo na wembe wewe mwenyewe.

Mume wako mzee,
Babu