Mgomba Uliozaa Juu ya Kaburi

Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya yote nauliza miguu yako. Imepungua kuvimba, ama bado unaikanda na maji ya chumvi na kusema ni baridi tu? Na mvua imewaachia nafasi ya kukausha mahindi? Mimi ni mzima, Mungu amenishika. Nakula, nafundisha, naimba kwaya. Kulala tu ndiko kumenishinda hizi wiki mbili, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Najua utashangaa, ati barua siku hizi za simu. Lakini simu yako inachajiwa kwa Baba Mdogo, na wewe ukiipokea ni lazima uweke sauti kubwa mpaka kuku wasikie. Haya yangu si ya kuku, na si ya Baba Mdogo. Nimempa barua mwalimu mwenzangu wa Sirisia anayekuja nyumbani kwa ruhusa, akuletee mkononi kanisani. Isome ukiwa peke yako.

Uliniuliza huu mji uko namna gani. Mama, ni mawe. Mawe makubwa kushinda nyumba yetu, yamekaa moja juu ya lingine, kama mtu alikuwa akipanga mafiga akaitwa akaenda zake. Watu wamejenga katikati ya hayo mawe mpaka juu kabisa, na akina mama wanapanda na ndoo kichwani kama vile si kitu. Ni milima kama ya Kapsokwony, isipokuwa ukiangalia chini huoni mahindi, unaona maji, na hayaishi. Kuna jiwe moja limesimama ndani ya ziwa, wageni wanakuja kupiga nalo picha. Mimi mwezi wa kwanza sikuweza kuangalia upande huo. Unajua ni kwa nini. Ni haya maji tuliyoambiwa yalimmeza mtoto wako wa kwanza.

Watu wenyewe ni wazuri. Wanakicheka tu Kiswahili changu. Nikimwambia mtoto "kuja hapa," darasa zima linajibu, "Njoo, mwalimu, sema njoo!" Nawaambia Kiswahili changu kimepanda mlima, kimechoka. Kitu kimoja ndicho sijazoea. Hapa jirani kuna mkoa mzima wenye jina la huyo ndugu yangu, lile jina tulilokatazwa kutaja tangu siku ya kuzika mgomba. Wanalisema redioni wakisoma habari za mvua, wanalisema stendi, wanacheka nalo. Mimi mwenyewe huwa napunguza redio.

Sasa nisikilize. Shule ilituma darasa langu kwenye makumbusho ya Wasukuma, nje kidogo ya mji, juu mlimani. Pazuri, Mama. Kuna nyumba za zamani za nyasi, kuna kanisa la mviringo, kuna jengo limetengenezwa kwa umbo la kiti cha mtemi, yaani mfalme wao. Ndani ya hilo jengo wameweka ngoma za watemi waliokufa. Mwenye kututembeza, mzee mmoja mcheshi anaitwa Masanja, aliwaambia watoto, "Hizi hazipigwi hovyo. Zikipigwa, wenyewe husikia." Watoto wangu, ambao hata Yesu mwenyewe hawezi kuwanyamazisha saa ya chakula, walinyamaza wote.

Na katika ule unyamavu nikasikia litungu.

Si ngoma, Mama, litungu, kinanda chetu cha nyuzi saba, huku Usukumani. Na si wimbo wowote. Ni ule wa kuita ng'ombe jioni, ule ndugu yangu aliokuwa akiukosea mahali pamoja, akiruka uzi wa tatu, na Baba alikuwa akimgombeza kila siku. Huyu mpigaji pia aliuruka. Nikashika ukuta.

Nikamwuliza Masanja ni nani anapiga. Akasema, "Huyo ni fundi wetu wa kuezeka. Mtu wa kwenu huko Kenya. Haongei sana, na hata chakula hatujawahi kumwona akila, lakini nyasi anaziweza." Nikawaacha watoto na mwalimu mwingine, nikazunguka nyuma. Kuna nyumba ya mganga hapo, wanaibadilisha paa. Kwenye ngazi alikuwa ameketi mtu, litungu mapajani, mgongo kwangu.

Nikamsalimia kwa lugha yetu, "Mulembe."

Akajibu, "Mulembe," bila kugeuka. Halafu akasema, "Nekesa, umenona. Hata unavyokanyaga nasikia."

Mama, mimi si mtu wa kuogopa, unanijua. Ni mimi niliyemuua yule nyoka wa chooni kwa kandambili. Lakini siku hiyo nililia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nilimkimbilia nimshike, na yeye akaruka ngazi mbili juu. "Usinishike mkono! Mimi mlishanizika. Hata wewe ulitupa udongo."

Nikamwambia, "Tulizika mgomba, bana! Tuliambiwa mtumbwi ulipinduka, mwili haukuonekana. Tungefanya nini?"

"Mlifanya vizuri," akasema. "Sina neno. Mtumbwi ulipinduka kweli. Mimi niliokotwa na watu wa kisiwani, nikaugua sana, hata jina langu likapotea. Lilipokuja kurudi, nyinyi mlikuwa mmemaliza kuzika."

Na alijaribu kuja, Mama. Hiyo ndiyo inaniuma. Alifika mpaka Kitale. Unakumbuka Wanyonyi, yule bakoki wake, waliotahiriwa pamoja, alivyorudi kutoka Kitale bila viatu, ameacha viazi vyake vyote sokoni, na kanisa likamwombea wiki nzima? Sisi tukasema ni pombe. Si pombe. Ndugu yangu alimgusa bega pale sokoni akamwambia, "Niaje, bakoki." Wanyonyi akapiga nduru, "Wewe tulikuzika! Rudi kwa wenzako!" Watu wakaanza kuokota mawe. Basi akarudi. Alikumbuka maneno ya kukhu, nyanya yetu, kwamba aliyezikwa akijiingiza mwenyewe kwa lango, hubeba aliyemzaa. Akaniambia, "Nikija bila kuitwa nitamuua Mayi aliyenizaa. Afadhali nikae huku na wafu wa wengine."

Nilimwambia hayo ni ya kizamani, sisi ni watu wa kanisa. Akanigeukia. Mama, uso ni wake, lile kovu la panga juu ya jicho ni lake. Lakini mikono ilikuwa nyeusi, madoa yale ya utomvu wa mgomba ambayo sabuni haitoi. Nikaangalia huku na huku. Mlima wote ule ni mawe na nyasi, hakuna hata mgomba mmoja.

Halafu akaniuliza, "Ule wangu umetoa mkungu, sivyo? Mzito. Unaelemea upande wa jikoni."

Mimi sikuwa nimemwambia mtu. Wewe mwenyewe ulininong'oneza kwa simu siku chache tu kabla, ukiwa umejificha kwa zizi. Nikamwuliza umejuaje. Akashika mbavu za upande wa kushoto, akasema, "Nasikia hapa panavutwa."

Sasa tuseme ukweli, Mama. Mgomba ulichipuka kwa sababu Baba Mdogo alikosea. Desturi ni kukata gogo tupu, kitu kilichokufa, ukizike kwa niaba ya mtu. Yeye kwa haraka, na yale machozi, aliung'oa na shina na mizizi, akaufunga shuka, tukauzika ukiwa hai. Hakuna aliyeona mpaka ulipotoa jani. Tangu hapo kila ndama akifa, anasema ni kaburi halijalala. Simlaumu. Ni woga, na ni aibu ya kosa lake. Lakini uliniambia amesema mkishavuna ataung'oa, achome shina, amwage maji ya moto, ili maiti ilale. Na wewe ukasema, "Siku moja nitasimama pale niliite lile jina, wanifanye watakalo."

Nilimweleza ndugu yangu hayo yote. Akakaza uzi mmoja wa litungu, akaulegeza. Akasema, "Wakiung'oa, sidhani kama nitaamka. Na Mayi akiniita, nitasikia. Hakuna mambo mengine ya kuongea." Akauliza kama miguu yako bado. Akauliza kama mlango wa jikoni bado unakwaruza chini. Nikampa mandazi yangu, akashukuru, akayaweka mfukoni. Kisha Masanja akaniita, watoto walikuwa wanataka kumwona mcheza ngoma na chatu wake. Hata sikumwona huyo chatu. Nilikuwa naangalia lile paa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda tena, nimembebea kuku na ugali, na shati la kubadilisha. Njiani nilikuwa najipanga: nitampeleka kwa mchungaji, nitampiga picha nikutumie. Nilifika nikakuta paa limeezekwa upande mmoja. Upande wa pili mifupa ya miti inaonekana, nyasi ziko chini zimefungwa tayari.

Masanja akasema, "Pole, mwalimu. Ndugu yako aliondoka Alhamisi. Alikuwa juu, jua limewaka, mara akaacha kazi, akakaa kama mtu anayesikiliza. Akashuka, akachukua kinanda chake. Akasema, 'Naitwa nyumbani.' Nikamwambia mbona simu haijalia? Akacheka. Kwa kweli ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka." Nikauliza alishika njia ipi. Masanja akakuna kichwa. Ati alimwona mpaka kwenye lile kanisa la mviringo, na upande wa pili hakumwona akitokea.

Nilienda kwa ngazi yake. Kila kipago kilikuwa na alama ya kiganja, nyeusi. Niliweka mkono wangu juu ya moja. Ilikuwa bado inanata, Mama, na siku hiyo ni Jumamosi.

Jioni hiyo nilikupigia, simu akachukua Baba Mdogo. Akasema umelala. Nikamwuliza habari za boma, akasema, "Tunamaliza tu kazi fulani hapa." Sauti yake haikuwa sawa. Nikaogopa kuuliza kazi gani, na tangu hapo kila nikipiga simu imezimwa.

Kwa hivyo nakuuliza wewe uliyenizaa: Alhamisi ile, jua likiwa limewaka, ilikuwaje hapo nyumbani? Kama ulisimama kwa kaburi ukamwita, basi yuko njiani. Kama ni Baba Mdogo aliingia na jembe, mimi sijui ni kitu gani kilichomwita mtoto wako, na nimeshindwa kulifikiria hilo peke yangu katika chumba changu hapa. Kama mgomba bado umesimama, keti chini yake. Usitoke hapo. Baba Mdogo hawezi kukukata hiyo miguu yako migonjwa ili aufikie.

Na akifika, hatapita lango. Vunjeni ua nyuma ya jikoni, hapo mkungu unapoelemea, na mchinjieni kondoo kwanza kama kukhu alivyotufundisha. Mchungaji akiuliza, mwambie kondoo ni wa binti yako anayekuja likizo. Mimi nitakuja kweli, shule ikifunga tu.

Msalimie kukhu, mwambie nimeamini, asinicheke sana. Msalimie shangazi wa Kabuchai na miwa yake, na dada yangu mdogo, nimemshonea kitenge. Wanyonyi mpe pole kutoka kwangu, mwambie hakuwa mlevi. Baba Mdogo pia msalimie. Ni ndugu ya Baba, na alilia kuliko sisi wote.

Jioni hizi ukisikia litungu nyuma ya ua, na mpigaji akaruka uzi wa tatu, usifungue mlango kabla hujatamka jina kwa sauti. Usinong'one. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikiogopa kuliandika, lakini ukimya wetu ndio uliomweka huko. Nakuandikia ili ulione kwa macho yako, ulizoee tena mdomoni.

Simiyu, Mama. Mwite Simiyu.

Binti yako anayekupenda,

Nekesa