Vifungo vya Dada Yako

Shemeji yangu mpenzi,

Hatujambo hapa, nasema "hatu" kwa mazoea, usinicheke. Kitambi changu kinaendelea vizuri kuliko kazi yangu ya cherehani.

Umenitaka nihame nije kwenu. Jibu nimeliachia karata: poka ya watu wawili, dau likiwa vifungo vya mashati, kama nilivyozoea kucheza na marehemu dada yako. Nikishinda, nakuja.

Unamjua alivyokuwa. Alikuwa akisukuma vifungo vyote katikati, dau zima, hata kabla karata za mezani hazijafunuliwa. Kwa mchezaji mkali hivyo, dawa ni kungoja karata nzuri, kisha umkazie kwa kuweka vyako vyote papo hapo. Mwenyewe ndiye aliyenifundisha, huku akiniita Bwana Woga.

Nikagawa karata mbili zangu, mbili za kiti chake kitupu. Nikapata wafalme wawili. Nilipoinua macho, vifungo vya upande wake vilikuwa vimeshasogea katikati, vyote.

Mtu hatupi wafalme wawili, shemeji. Nikawatupa, ushindi nikamwachia yeye.

Kisha nikafunua zake: saba na mbili, takataka tupu. Kiti kikalia kidogo, kama mtu anayejizuia kucheka.

Basi usiniandalie chumba.

Ni mimi shemeji yako,
Bwana Woga