Msomaji Anayejua Misumari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Itikia kwanza, kununa utanuna baadaye. Mimi sijambo, kwa maana kwamba ninapumua na ninakula, ila mgongo unaniuma kama wa bibi kizee. Nyumbani wote wazima. Mama mdogo ndiye atakayekufikishia barua hii, maana ni yeye peke yake anayejua unakoishi, na ameniapia kwamba hataifungua. Kwa hiyo ukikuta bahasha imelowana kwenye gundi, ujue ameisoma mpaka nukta ya mwisho. Wewe je, hali yako? Afya? Kazi? Na ile miguu yako ya bata, imepata viatu vya kuienea huko? Nimetumia karatasi kwa sababu namba yako ulibadilisha, na pia kwa sababu nina jambo ambalo halifai kupita kwenye simu. Utaliona mbele. Usirukie mwisho, nakujua.

Habari ya kwanza ni kwamba mdogo wako sasa ni mwandishi. Cheka, umalize, tuendelee. Mimi Domo, niliyeishia kidato cha pili baada ya kutoelewana na mwalimu wa hesabu, ninaandika riwaya. Ninaiandika kwa simu, sura baada ya sura, naituma kwenye kundi, na watu wanaisoma. Tena si watu wa kubabaisha. Kuna wauguzi wa zamu, kuna walinzi wa magetini, kuna wauza mboga, kuna hata mhasibu mmoja aliyesoma akabakiza kidogo, ananiita Mwalimu. Kinyozi wetu naye ni msomaji. Juzi alikuwa ananinyoa huku anabishana na mimi kuhusu sura iliyopita, mpaka akasahau upande mmoja wa kichwa.

Lakini nimechoka, dada. Sikudanganyi. Mchana kutwa niko karakana na mzee wetu, nimemeza vumbi la sponji, na nikitoka hapo wasomaji wananisubiri kama nimewafungia mlango. Nikichelewa kidogo, muuguzi mmoja ananitumia sauti yake akihema tu, bila neno. Mlinzi anauliza kama nimefariki ili apate mwingine wa kumsoma. Nikimuua mtu kwenye hadithi, natukanwa kama nimeua shemeji yao. Zamani nilidhani mwandishi hukaa kitini akasubiri mawazo yamshukie. Kumbe hayashuki. Unayabeba mwenyewe, kama magunia, na ukifika unaambiwa rudi ukalete mengine.

Utauliza ninaandika nini. Kaa chini. Ninaandika habari zako.

Usichane, soma. Nimekubadilisha kiasi. Nimekupa urefu, na nimekupa miguu mizuri, kwa hiyo hakuna atakayekutambua. Ni hadithi ya binti fundi wa makochi anayefanya kazi kwa baba yake. Ile siku ya mwanasheria unaikumbuka kuliko mimi, lakini nitaisema kama nilivyoiandika, uone kama nimekosea. Yule mama mwanasheria alikuja kuchukua kochi lake la mgongo mrefu, lile la vifungo. Wewe ndiye uliyelivua likabaki mifupa, ukalifunga springi upya, ukalivalisha, ukashona kifungo kimoja kimoja kwa ile sindano iliyopinda mpaka vidole vikaota sugu. Yule mama akalizunguka, akapitisha kiganja mgongoni mwa kochi, akauliza huu ni mkono wa nani. Mzee akaniwekea mimi mkono begani, akasema ni wa kijana wake. Nami, ambaye kazi yangu yote kwenye kochi lile ilikuwa kulikalia, nikatabasamu kama mgombea. Wewe ulikuwa na misumari midomoni kama kawaida yako, kwa hiyo hukusema kitu. Ukaitema mmoja mmoja ndani ya kopo. Mlio ule niliuandika, na wasomaji wanasema hapo ndipo walipolia. Mimi ninao masikioni bila kuusoma.

Kesho yake mchana, mzee akiwa amejilaza kwenye kochi la mteja, kwa kile kisingizio chake kwamba kochi halitoki karakana mpaka yeye alipime kwa mgongo, ukachukua nyundo yako ndogo, ukaondoka. Nikaandika hivyo hivyo. Binti aliondoka mzee akiwa amelala.

Sasa, taabu ya kuandika habari za fundi ni kwamba inabidi ujue ufundi. Mimi nimekulia karakana, ndiyo, lakini nimekulia mlangoni mwake, nikipiga soga na wapita njia. Nikaandika kwamba binti alianza kupigilia kitambaa kwenye pembe. Hata sijaweka simu chini, ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua, haina picha, imejiita tu Msomaji. Akasema kitambaa huanzwa katikati ukielekea pembeni, na anayeanza pembeni hajawahi kushika nyundo, ameshika domo tu. Nikasahihisha. Baadaye akaja na la springi, kwamba fundo nililolieleza mimi ni la kufungia mbuzi. Nikasahihisha. Nikaanza kwenda kutazama kweli kabla ya kuandika. Nikawa nasimama nyuma ya mzee akifanya kazi, nahesabu mikunjo, nauliza hili linaitwaje, mzee ananiuliza leo kumekucha vipi. Nimejifunza mengi zaidi kwa ajili ya uongo wangu kuliko niliyowahi kujifunza kwa ajili ya kula.

Na huyo Msomaji, dada, nikajua ni wewe.

Angekuwa nani mwingine? Nani anaijua karakana ile, na nani ananisema vile bila kunichekea? Nilifurahi, sikufichi. Nikamwandikia kwamba najua ni wewe, mwenye miguu ya bata, usijifanye. Hakukubali, hakukataa. Alijibu tu niendelee na hadithi. Nikasema sawa, huyu bado ana hasira, nitamlainisha. Nikaanza kummwagia habari za nyumbani kila jioni, kwenye namba yake peke yake, nikishatuma sura mpya. Nikasema ni mimi niliyeunguza ile mahameli ya kijani kwa pasi, paka akapigwa bure. Nikasema mzee haoni tena vizuri, kutunga uzi kwenye sindano kunamshinda, ananiwekea sindano mkononi kama ananitunza. Nikasema anakata kitambaa upogo na mimi nakilazimisha kifike, na wateja wameanza kwenda kwingine. Jioni moja nimechoka, nimetukanwa na kundi zima, nikaandika maneno ambayo nisingeyaandika mchana. Nikasema mzee ana moyo wa ubao. Tangu uondoke hajakutaja hata mara moja. Siku uliyoondoka alikoroma, na mpaka leo analala kama mtoto aliyeshiba.

Msomaji akanyamaza. Siku zikapita. Nikadhani nimekuumiza, nikajilaumu, nikaandika sura mbovu mbili mfululizo na mhasibu akaacha kuniita Mwalimu. Halafu ukaja ujumbe huu, nakunakilia ulivyo:

"Mzee hakuwa amelala. Aliisikia nyundo ikitoka kwenye ndoano. Aligeukia ukutani kwa sababu angemtazama angelazimika kusema. Sahihisha."

Nikaanza kusahihisha kama nilivyozoea. Nimefika katikati ya sentensi, vidole vikakataa. Wewe siku ile uliona mgongo wake tu, dada. Ungejuaje kama macho yalikuwa wazi? Mtu anayejua hilo duniani ni mmoja.

Hata hivyo nilitaka kuona kwa macho yangu. Kesho yake, mzee akiwa upande wa pili wa meza, nikaandika neno moja tu, shikamoo, nikalituma kwa Msomaji. Mfuko wa shati la mzee ukalia. Akatoa kisimu ambacho sikujua anacho, akavaa miwani yake ile iliyofungwa uzi kwenye mguu, akakishika mbali kama anaangalia kama maziwa yameharibika, akasoma. Akakirudisha mfukoni. Kisha akaniambia nimpe mkasi.

Nikampa mkasi. Nilimpa pamoja na heshima zote nilizowahi kumnyima. Unadhani alisema kitu? Kuhusu ubao, kuhusu paka, kuhusu kukoroma? Alikata kitambaa, upogo, akanyoosha mkono nimtungie uzi. Nami nikatunga. Mpaka leo hatujalizungumza. Lakini fikiria mtu huyo, macho yale, anakaa mahali anasoma maneno yangu herufi kwa herufi kwa sababu binti aliyemo humo ni wewe. Mimi nilidhani wasomaji wangu ni wale wanaolia kwenye kundi. Kumbe anayesoma kuliko wote alikuwa ananiomba mkasi.

Wasomaji wengine nao wamenikaba. Wanataka kujua binti atarudi au hatarudi, na akirudi itakuwaje. Naweza kubuni mvua, naweza kubuni ajali, hilo siliwezi. Nikaona nimuulize anayejua. Nikamwandikia Msomaji, kwa adabu safari hii, kwamba binti akirudi, yule mzee atamwambia nini. Hakujibu. Niliwadanganya watu naumwa. Ni nusu ya uongo.

Basi wiki hii mwanasheria amerudi. Kochi lile lile, kifungo kimoja kimelegea, cha katikati, mjukuu wake alikuwa anakivuta. Karakana ilikuwa na watu. Yule dereva anayesubiri viti vyake alikuwepo, jirani fundi cherehani, na kinyozi aliyekuja kuomba gundi. Mama akanitazama mimi, fundi wake mashuhuri, akasema anajua nitakiweka sawa mara moja. Nami unanijua, nilishanyoosha mkono. Mzee akaushika mkono wangu, akaushusha. Akasema, na sauti yake haikuwa kubwa wala ndogo:

"Huyu hajui. Kochi hili lilishonwa na binti yangu. Nilikudanganya. Hayupo, na mkono mwingine haugusi hapa. Liache."

Hakuna aliyecheka, hata kinyozi. Mama akauliza huyo binti atarudi lini. Mzee akasema hajui, ila kochi litamsubiri. Akalifunika shuka safi, akakiondoa kile kifungo kilicholegea kisipotee, akakiweka kwenye kopo lako la misumari. Dada, mimi nilisimama pale nimevuliwa nguo mbele za watu, na sijawahi kujisikia mwepesi namna ile.

Jioni, ukaingia ujumbe kwenye simu yangu. Msomaji. Aliandika hivi: "Ulichokiona leo usikiandike."

Nisikiandike. Sura nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, imekuja yenyewe mpaka mlangoni bila kubebwa, nami nimekatazwa. Wale wauguzi wangenibeba juu. Lakini sijaiandika. Kundi limebaki linanitukana na mimi nimebaki nimenyamaza, jambo ambalo hata wewe hukuwahi kulifanikisha. Alinikataza kuwaandikia wasomaji. Hakunikataza kumwandikia dada yangu, na kama hilo nalo lilikuwamo katika katazo lake, basi nimelikosea kusoma, mimi ni mtu wa kidato cha pili tu.

Sikuombi urudi. Sina uso wa kukuomba, mimi niliyetabasamu siku ile. Nakueleza tu kilichosemwa, mahali kiliposemwa, na waliosikia, ili usije ukakisoma kwenye hadithi ukadhani nimebuni.

Msalimie yeyote anayekuvumilia huko. Mama mdogo anakusalimu, ingawa sasa hivi anajifanya hajui nimeandika nini. Kinyozi anakusalimu pia na kuuliza kama binti wa kwenye riwaya ana mchumba.

Halafu tikisa bahasha. Kuna kitu kimebaki chini. Ndiyo, ni kile kifungo chenyewe. Nimekiiba kwenye kopo, na tangu asubuhi mzee yuko chini ya meza na miwani yake ya uzi anakitafuta. Anafikiri ni macho yake. Mimi simwambii. Kama utakuja nacho, mwambie wewe.

Ni mimi mdogo wako, mwandishi mkubwa asiye na mwisho wa kitabu,

Domo