Mafuta Mekundu

Ng'ambo, Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakupa na shikamoo ya pili, maana ya juzi kwenye simu niliikatiza kwa hasira na najua iliniponyoka vibaya. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeshawagawia majirani kama kawaida yako? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imechafuka, na nataka uyasikie haya kwangu kabla hujayapata kwa watu wa treni, ambao wataongeza chumvi yao.

Nimeandika kwa sababu wewe simu unaiweka sauti kubwa, ukumbi mzima unasikiliza, na dada anadakia kabla sijamaliza. Hii isome peke yako chumbani. Umeniuliza mara nyingi kama wakwe waliyapenda mawese yako uliyowatumia kwenye dumu, na kila mara nimekujibu kwamba wanakusalimia sana. Leo nakujibu ulichouliza.

Unajua kwamba posa yangu ilipokelewa na kilichokuwa kimebaki ni kutaja siku ya ndoa. Baba yake Mwanaidi, Mzee Shabani, ana biashara ya asali na nta, na ana pikapu kuukuu ambayo rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Basi tangu nimekuwa mchumba wa binti yake, gari hilo limekuwa mgonjwa wangu. Likikohoa, naitwa mimi. Sijanung'unika, maana mkwe ni mkwe.

Sasa likaanza kuvuja mafuta ya usukani. Nikueleze kidogo, usije ukachoka kunisoma. Usukani wa magari haya unasaidiwa na mafuta. Kuna pampu inayasukuma kupitia mpira mnene, tunauita hozi, mpaka kule chini magurudumu yanakogeuzwa, ndiyo maana hata wewe na mguu wako huo ungeligeuza kwa mkono mmoja. Mafuta yakivuja yakapungua, pampu inalia na usukani unakuwa mzito, unapigana nao. Nikalala chini ya gari, nikafuta vumbi, nikakuta tone linaning'inia pale mpira unapoumana na chuma. Kumbe fundi mwingine kabla yangu alikuwa amepafunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kazi ya kishenzi kabisa. Hozi ilitakiwa mpya, na Tabora nzima sikuipata. Nikaagiza Mwanza.

Mafuta yenyewe, mama, ni mekundu. Sisi mafundi wala hatuna jina jingine, tunayaita mafuta mekundu, na duka lolote la spea ukitaja hivyo unapewa. Nikamwachia mzee chupa moja ili yawe yanaongezwa kila asubuhi wakati tunasubiri hozi. Chupa ikaisha. Mwanaidi akanipigia.

"Yale mafuta yameisha, na baba anataka kwenda Kwihara kuchukua asali."

"Asiendeshe likiwa kavu, pampu itakufa. Tafuteni mafuta mekundu mengine."

"Mekundu? Mbona stoo yapo dumu zima!"

"Kama yapo, tia."

Nikajua mzee amenunua. Ningejuaje?

Na huu ni msimu wa kipupwe, asubuhi huku baridi inauma mpaka kwenye kucha. Mawese yakilala kwenye baridi hii unajua yanavyokuwa, unayachota kwa kijiko. Yakaganda kwenye hozi, yakaganda kwenye pampu. Mzee amefika kwenye kona ya kuingia Kwihara, anauzungusha usukani, usukani umekaza. Gari likanyooka moja kwa moja, likaingia shambani kwa mama mmoja mkulima na kulala juu ya matuta yake ya viazi. Alhamdulillahi mzee hakuumia, ni kofia tu iliyotoka dirishani. Wakamvuta kwa trekta mpaka gereji kwetu, watoto wa shule wakishangilia njia nzima.

Aliposhuka hakunisalimia. Akafungua boneti mwenyewe na kutia kidole kwenye kikopo cha mafuta, kisha akakiinua watu wote wakione.

"Mawese! Nimempa mtu binti yangu, ananitilia mawese kwenye gari! Huko kwao wanakula mawese, wanajipaka mawese, sasa hadi magari wanayalisha mawese! Ulitaka kuniua, wewe Mawese?"

Watu wakacheka, mama. Wauza spea, wapiga rangi, mpaka mteja wangu niliyemshughulikia gari lake asubuhi ileile. Mimi utani naujua, nimetaniwa huku tangu nashuka kwenye treni na nikatania vilevile. Ule haukuwa utani. Na jina limeshika, sasa hivi nikipita sokoni naitwa Mawese na watu ambao hata siwajui.

Unajua kwa nini sikumjibu? Niliinama kwenye kile kikopo ili nione, na harufu ikanipiga. Ilikuwa harufu ya jikoni kwako. Si mawese ya sokoni yale, ni yako, yale unayoyaacha yaungue kidogo mwishoni mpaka moshi unaingia. Nimeyala tangu sijaota meno, siwezi kuyakosea. Nilishika boneti kwa mikono miwili nikawa natazama chini, wao wakadhani ni aibu ya kukamatwa.

Nikaenda kwao. Nikamwomba Mwanaidi anifungulie stoo. Mama, lile dumu lako lilikuwa chini, katikati ya tairi lililoisha na kopo la oili chafu. Gunzi ulilozibia lilikuwa bado limezungushiwa kile kipande cha khanga yako ya kijani. Lilikuwa limepungua kile alichotia Mwanaidi kwenye gari, basi. Tangu tulipolipeleka na mshenga, ukiwa umelifunga kwa mikono yako na kunisisitiza nisilibebe kichwa chini, hakuna aliyelifungua hata kwa kuonja.

"Nani aliliweka huku?" nikamuuliza.

"Baba. Siku ileile mlipoondoka. Alisema sisi hatuli haya, yananuka, yakae na mafuta mengine ya gari."

"Na ulijua ni mawese?"

"Mimi nilijua ni mafuta mekundu. Wewe si ndiye ulisema mekundu?"

Hapo sikumlaumu. Neno ni moja, na ameyakuta na oili. Nikamwambia, basi mweleze baba yako, ni kosa la bahati mbaya, atacheka yataisha. Akaitikia kwa kichwa.

Jioni nikaitwa barazani kwao. Mzee Kondo, mwenye gereji yetu na ndiye mshenga wangu, alikuja pia kunisimamia. Mzee Shabani akauliza mbele yetu, "Nataka kujua, haya mawese alitia nani?" Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Nikamtazama. Akatazama vikombe. Nikasubiri, mama, nikasubiri mpaka Mzee Kondo akakohoa. Yeye akaweka sinia chini na kurudi ndani, pazia likajifunga.

Nikasema, "Gari nitalitengeneza, mzee." Mzee Kondo akanitolea macho kama nimerukwa na akili.

Na Mzee Shabani, kwa kutuliza baraza, akaanza hadithi yake ya siku zote, kwamba babu wa babu yake alikuja mji huu na msafara. Tumeisikia mpaka tunaiota. Njia ya misafara, mama, inajulikana: upande mmoja inatoka pwani, upande wa pili inatoka Ujiji kwetu, inapita pale nyuma ya nyumba yetu. Na huyo babu hakutoka pwani, maana jina la ukoo wao hata wewe ulipolisikia mara ya kwanza ulicheka ukasema hao ni wa kwetu. Amekuja kwa miguu akiwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani, na njiani hapana shaka amekula mawese. Leo mjukuu wake anasema yananuka! Nilitaka kumwambia. Nilikunywa kahawa.

Hozi ilipofika nikaifanya kazi ile vizuri kuliko nilivyowahi kufanya kazi. Nikainua gari kwa jeki mpaka magurudumu ya mbele yakaelea. Nikafungua mpira wa kurudishia mafuta nikautumbukiza kwenye debe, nikawa nazungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mawese yanatoka vipandevipande. Ilibidi nimwage maji ya moto juu ya mabomba ili yalainike. Nikasafisha kwa mafuta mapya, nikamwaga, nikarudia, mpaka yakatoka mekundu safi. Pampu nikaifungua na kubadilisha sili zake zote, vile vipira vya kuzuia mafuta yasivuje. Hozi mpya nikaifunga, nikajaza, nikazungusha tena mpaka povu likakata. Nikatandika boksi jeupe chini na kuliacha gari linanguruma. Halikudondosha hata tone. Muda wote huo gereji inanukia kama umekaanga samaki, na wenzangu wanauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Mzee akaja, akauzungusha usukani kwa kidole kimoja, akatabasamu. Akanipiga begani.

"Hapo sasa umekuwa fundi. Yaliyopita yamepita. Tutaje siku ya ndoa, na mama yako aje, tumwone. Ila mwambie asijisumbue kubeba tena yale mambo yake."

Yale mambo yake! Hakukumbuka hata kwamba ndiyo yaliyokuwa kwenye usukani wake.

Mwanaidi alinifuata gereji akiwa na sahani imefunikwa. Akasema aliogopa, baba yake ana hasira. Nikamwambia hofu naielewa, sasa hasira zimepoa na gari limepona, mweleze leo. Akafikiri, mama, kwa upole kabisa, wala hakuwa na ubaya usoni, akasema, "Ya nini tena kuyafukua? Mimi ni mtoto wake, nitasemwa mpaka lini? Wewe watu wameshakuona hivyo hata kabla ya hili, hutapungukiwa na kitu."

Nilimpenda sana yule msichana. Nakwambia wewe kwa kuwa siwezi kumwambia mtu mwingine huku. Nimelala na neno hilo na kuamka nalo. Ningesamehe mawese, ningesamehe hata lile la mlangoni. Lakini nikaona nyumba nitakayoishi, na watoto watakaozaliwa humo, na wewe umekuja kuwaona ukiwa na kibuyu chako mkononi, mke wangu anakipokea kwa adabu zote na kukipeleka stoo.

Nimemtuma Mzee Kondo akarudishe neno. Posa nimeivunja. Wanasema nimekimbia kwa aibu ya kuharibu gari, waache waseme. Kulaaniwa sijalaaniwa, ila Mzee Shabani amesema mawese huteleza, na baraza zima likacheka tena.

Wewe usilie. Najua umeshalia. Ile khanga uliyonunua kwa ajili ya harusi, uivae Idi, usiifungie sandukuni.

Nisalimie dada, mwambie safari hii asiwatangazie wanawake wa bombani. Nisalimie mjomba mvuvi wa dagaa na mkewe aliyenifundisha kusoma. Bibi mzaa baba mshikie mkono kwa niaba yangu, na akiuliza mke wangu yuko wapi mwambie bado yuko njiani. Shangazi wa Mwandiga mwambie zile kandambili zake nimezipata, zitakuja na treni.

Na dumu lako nililichukua. Niliingia stoo mchana, nikalibeba begani mbele ya mzee na wageni wake, hakuna aliyeuliza. Nimelifuta oili, liko chumbani kwangu hapa, karibu na jiko. Jana nimepika maharage kwa hayo yaliyobaki, nikamwita Mzee Kondo na wale wenzangu waliocheka. Wamekula mpaka wamefuta sufuria kwa vidole, na mmoja wao akaniuliza aliyeyatengeneza haya ni nani.

Nikamwambia jina lako, mama, jina lako kamili.

Mimi mwanao,
Hamisi