Gitaa la Kipimo cha Mkono Wangu

Ulemo, Jumapili baada ya ibada

Mjomba wangu Kitundu,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini katika jambo la salamu hukuwahi kunionea huruma, na sitaanza leo kukukosea adabu eti kwa sababu umekufa.

Nimekaa nje ya nyumba mpya. Ndiyo, tumehama. Ulituacha kule juu, kila mtu na boma lake, na sasa tuko kwenye mistari, nyumba kwa nyumba, kijiji cha ujamaa. Mama alilia sana siku ya kuondoka. Alisema dada mtu hamwachi kaka yake peke yake porini. Lakini ameanza kuzoea. Kisima kiko karibu, na alasiri anakwenda darasa la watu wazima. Juzi aliandika jina lako mchangani kwa kijiti, akakosea herufi moja, akaifuta kwa mguu, akaandika tena. Nilitamani uone.

Nakuandikia kwa sababu ya gitaa. Ulitukanwa, Mjomba. Mbele ya watu, na wewe hukuwepo kujitetea.

Ilikuwa hivi. Kijiji chetu kiliombwa kupeleka kikundi cha nyimbo Singida Mjini kwa sherehe za Saba Saba. Nikaenda na gitaa langu. Tulifika siku nne kabla, tukaonyeshwa ukumbi wa bendi moja ya pale mjini ili tufanye mazoezi. Nilikuwa natia nyuzi sauti, mtunza stoo wa bendi hiyo akaja akasimama karibu yangu. Akainama kuangalia kichwa cha gitaa, pale kwenye vifunguo vya kukazia nyuzi. Unajua bamba la chuma la vifunguo vile lina nembo ya kiwanda.

Akasema, "Dada, hili gitaa umelitoa wapi?"

Nikamjibu, "Nimetengenezewa na mjomba wangu, marehemu Fundi Kitundu wa Ulemo."

Akacheka. Si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia mtoto anasema ameona simba jikoni. Halafu uso ukabadilika. "Kitundu? Si ndiye aliyetutengenezea milango ya ukumbi huu? Basi nimeelewa. Tulipoteza gitaa la namna hii miaka hiyo hiyo. Fundi wa vitanda na milango hawezi kutengeneza kitu kama hiki. Huyo mzee alilibeba."

Wenzangu wa kijijini wakaangalia chini. Hata kiongozi wa msafara wetu alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Naomi, waachie tu. Mtu mwenyewe ameshakufa, aibu haimpati." Nilimwambia aibu hiyo ilikuwa imeshanipata mimi, nami niko hai.

Gitaa likafungiwa stoo. Nikabaki kwa binamu yangu mjini, kila asubuhi nakwenda kukaa kwenye ngazi ya ukumbi. Sikuwa na karatasi, sikuwa na shahidi. Nilikuwa na mkono huu tu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuthubutu kukuambia ukiwa hai. Pale kwenye ngazi sikuwa na uhakika.

Unakumbuka mwanzo wake. Mwalimu wa kwaya alikuwa na gitaa, nami nikamwomba anifundishe. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akavitazama vidole viwili vya mwisho, vile vilivyoshikana na kupinda tangu nilipoangukia mafiga nikiwa natambaa, akasema kwa upole, "Mkono huu si wa gitaa, binti." Upole wake ndio ulioniumiza. Nikaja karakanani kwako nikiwa nalia. Ulikuwa unapiga randa ubao wa mlango, na hukuacha kazi mpaka ukaumaliza upande ule. Halafu ukaniambia niweke mkono juu ya benchi.

"Usinionyeshe vilivyoharibika," ulisema. "Nionyeshe vinavyofanya kazi."

Ukanipa mpini wa nyundo nishike. Ukanipa mpini wa jembe, ukanipa mwiko, ukanipa mguu wa stuli. Kila kimoja uliniambia nikunje dole gumba, nikandamize, nilegeze. Ukachukua uzi ukafunga mafundo kutoka kidole hiki hadi kile. Hukusema unataka kufanya nini. Ulikwenda zako kunywa uji.

Ikapita zaidi ya mwaka. Nilikuwa nikija unafunika kitu kwa gunia na kuniuliza habari za shule. Siku moja ulirudi kutoka mjini na kifurushi kwenye baiskeli, ukapita bila kunisalimia, wewe mtu wa salamu! Miezi michache baadaye ukanipa gitaa. Nilipoona ile nembo, na nilipomsikia jirani akisema kisimani kwamba Kitundu amelinunua kuukuu akalipiga msasa ili kumfurahisha mtoto wa dada yake, niliamini. Miaka yote ile, Mjomba. Watu wakiniuliza nilisema ulinitengenezea, na moyoni nilijua, au nilifikiri najua, kwamba ulilinunua. Nilikupenda hivyo hivyo. Nilikupenda kama mtu anavyompenda aliyemdanganya kwa wema. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Siku ya tatu mtunza stoo mwenyewe alimwita Mzee Fidelis. Huyu ni mzee mfupi, amefanya kazi ya kutengeneza magitaa na vinanda Tabora maisha yake yote, na sasa anakaa na mwanawe karibu na ziwa Kindai. Alikuja na kofia yake na miwani iliyofungwa waya. Bendi nzima walimwamkia. Alituambia kitu kimoja tu: "Kila mtu anyamaze. Hili litajieleza lenyewe."

Mjomba, laiti ungemwona akifanya kazi. Alilishika gitaa lako kama wewe ulivyoshika ubao mpya. Kwanza alinusa ndani ya tundu. "Gundi ya ngozi," akasema. "Imechemshwa nyumbani." Akagongagonga kwa kifundo cha kidole, huku ameinamisha sikio. Akasema mgongo na mbavu ni mninga, na uso ni msonobari wa sanduku la mizigo, tena bado kuna tundu la msumari lililozibwa kwa ustadi pembeni. Vile vyuma vilivyolala shingoni akavisugua kwa ukucha, akatabasamu: spoku za baiskeli. Akafungua skrubu za vifunguo. Lile bamba lenye nembo lilikuwa limekatwa kwa msumeno ili litoshe.

"Vifunguo ni vya kiwanda," akamwambia mtunza stoo. "Vimetolewa kwenye gitaa lililokufa. Mtu yeyote angeweza kuvinunua kwa fundi redio. Lakini kingine chote hakijawahi kuona kiwanda."

Kifurushi cha kwenye baiskeli, Mjomba. Kumbe kilikuwa vifunguo.

Mtunza stoo hakukubali haraka. Akasema labda lilivunjika, wewe ukalikarabati. Basi Mzee Fidelis akawaita wapigaji watatu wa bendi, mmoja baada ya mwingine. Ni vijana hodari, nimewasikia redioni. Kila mmoja alikosea. Mmoja alisema shingo inamtoka mkononi, mwingine alisema nyuzi haziko mahali pake. Wa tatu alijaribu mara mbili, akalirudisha, akasema, "Mzee, hili gitaa lina kasoro."

"Halina kasoro," akasema Mzee Fidelis. "Si lako tu." Akapitisha kidole gumba nyuma ya shingo. "Hapa upande mmoja ni mwembamba, mwingine mnene. Hapa pamechimbwa kidogo, panangoja kiganja. Na nyuzi hizi za mwisho zimepewa nafasi, kana kwamba anayezikandamiza ana kidole kinene sana." Akanyanyua uso. "Nani mwenye kidole hicho?"

Nilinyoosha mkono. Mkono ninaouficha kwenye khanga kila ninapokutana na wageni.

Aliutazama. Akaniwekea gitaa mapajani, akakiweka kiganja changu pale palipochimbwa, nacho kikalala. Nilipiga ule wimbo wa mavuno ulioupenda wewe, unaoanza taratibu. Sikupiga vizuri, machozi yalikuwa yananizuia kuona. Lakini sauti ilitoka safi, haikukwaruza hata mara moja.

Mtunza stoo alisema polepole, "Bado sielewi. Fundi wa milango ataweza vipi?"

Mzee Fidelis akamjibu, "Wa kiwandani ndiye asingeweza. Hajawahi kumwona huyu binti."

Halafu akaniita dirishani, sisi wawili tu. Akatumbukiza kioo kidogo ndani ya tundu akanionyesha pale shingo inapoungana na tumbo. Kulikuwa na alama za viungio vya zamani vilivyozibwa, kimoja juu ya kingine. "Huyu mtu aliiweka shingo, akaing'oa," alisema. "Akaiweka tena, akaing'oa. Hii ni ya nne. Hakuwa na wa kumfundisha, alikuwa anajifunza kwa kukosea. Alitengeneza magitaa mangapi?"

"Hili tu," nikasema.

Alivua kofia, Mjomba. Akaishika kifuani. Wewe ambaye mwalimu wa kwaya alikuja kukuomba umtengenezee la kwake, ukamjibu kwamba hujui kutengeneza magitaa. Nilidhani ulikuwa unaogopa uongo wako usijulikane. Kumbe ulisema kweli. Hukujua magitaa. Ulijua mkono wa Naomi.

Nisamehe. Sijui maneno mengine. Mara tatu uliing'oa shingo ukairudisha, kati ya vitanda, mizinga ya nyuki na majeneza ya watu, na mimi nikaliamini neno la kisimani. Ungeweza kunieleza. Ungeweza kuniita siku moja ukafunua gunia ukaniambia, "Tazama ninavyohangaika." Lakini hukuwa mtu wa namna hiyo, na mimi sikuwa mtu wa kuuliza.

Mtunza stoo aliniomba radhi mbele ya watu wale wale. Alitaka kujua anifanyie nini ili yaishe. Mama yangu aliposikia baadaye alisema ningedai walau seti ya nyuzi mpya. Mimi niliomba jambo moja: siku ya sherehe, kabla sijapiga, litajwe jina la aliyelitengeneza.

Wakakutaja. Uwanja ulikuwa umejaa, watu wa Ilongero, watu wa Ikungi, wanafunzi wenye bendera, viongozi wamekaa kivulini. Yule yule mtunza stoo alishika kipaza sauti. Alisema, "Gitaa mtakalosikia limetengenezwa hapa hapa kwetu na marehemu Fundi Kitundu wa Ulemo." Sauti yake ikagonga majengo ikarudi. Watu wengi hawakukujua. Walipiga makofi hivyo hivyo, na mzee mmoja asiye na meno aliyekaa mbele kabisa alimuuliza jirani yake kwa sauti kubwa, "Kitundu yupi?" Nilitamani kushuka jukwaani nikamweleze. Ikabidi nipige.

Nilipiga nikiwa nimeutoa mkono nje ya khanga.

Basi lala salama, Mjomba. Mama anakusalimu, mjane wako anakusalimu, na mpwa wako anakushukuru, ingawa amechelewa. Nakuahidi kwamba sitalipiga tena mbele ya watu bila kukutanguliza, na atakayeuliza Kitundu yupi, nitaweka gitaa chini nimweleze mpaka aelewe.

Mpwa wako,
Naomi