Giza la Mchana, Sindo

Dada Akoth wangu wa Isebania,

Sasa hivi mwanangu Awino amelala chali katikati ya ukumbi wa kanisa, akamwambia mgeni mwenye tepu ya kupimia, "Mimi niko tayari. Zima jua!" Tumecheka mpaka machozi.

Mgeni ametumwa na watu wa maonyesho ya anga. Wana hema kubwa la kujazwa upepo, ukiingia ndani unaona mwezi na nyota mchana. Lakini wanataka ukumbi wenye paa la juu na giza kabisa. Tukikosa, wanaenda mji mwingine, na unajua vile Awino huniuliza kila siku mwezi umeshikiliwa na nini.

Sisi akina mama tulikuwa tumepamba kama harusi, vitambaa vinaning'inia kutoka juu. Mgeni akapima, akatikisa kichwa. "Hema litagusa haya mapambo." Mke wa pasta akamjibu, "Kwani mwezi upokelewe kwa ukumbi uchi?"

Tumeviteremsha vyote, tukaziba navyo madirisha. Giza limekuja tamu, lakini bado kuna tobo moja kwa mabati, jua linapita hapo. Mgeni anasema likizibwa, tumepita.

Mama mkwe anawasalimia sana, na mimi nawabeba moyoni. Ngoja, mke wa pasta ananiita: "Nyathina, mwanangu, kuja upande juu ya hii meza, wewe ndio mwepesi!" Dada, hili tobo nikiliziba, wavalishe watoto viatu mkuje, tutauona mwezi pamoja mchana.