Umri wa Kupelekwa Kwenye Bembea Kubwa

Kwako dada yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, na uzigawe humo nyumbani kuanzia kwa shemeji mpaka kwa yule paka wako mwenye maringo. Goti linaendeleaje? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi, na kwamba siku hiyo hiyo wewe ulipanda juu ya stuli kubadilisha mapazia. Sikushangaa hata kidogo. Kaa chini, dada, mapazia hayajawahi kumkimbia mtu. Sisi huku hatujambo. Saluni ina wateja, paa halivuji tena, na Chiriku wangu anarefuka mpaka sare za shule zimeanza kumsuta. Wazima wote, ila kuna mmoja ana ugonjwa usio na vidonge, na huyo mmoja ni mimi. Ugonjwa wenyewe ni wivu.

Najua hapo umeguna. Guna, halafu uendelee kusoma, maana haya siwezi kukueleza kwa simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mbali.

Unakumbuka nilivyokuambia kwamba mzazi mwenzangu anataka kumpeleka mtoto kwenye ile bustani kubwa ya bembea, ile ya mji wa pili, yenye gurudumu linaloonekana kabla hata hujaingia mjini. Nilikuambia nimekataa kwa sababu mtoto wa miaka sita bado mdogo. Atachoka, atapotea kwenye umati, atatapika garini, na akishakuwa mkubwa hatakumbuka chochote. Nikakuambia umri unaofaa ni miaka minane. Wewe ukaniuliza hiyo minane nimeitoa wapi, nami nikakujibu kwamba nimesoma. Sikusoma popote. Nilipiga tu hesabu kwamba mpaka atimize minane nitakuwa nimepata msaidizi wa kuniachia saluni siku za sikukuu, nikampeleka mwenyewe, mkono wake mkononi mwangu. Nilitaka siku hiyo iwe yangu.

Pale saluni nililigeuza jambo hilo kuwa baraza. Kila mteja aliyekaa nilimuuliza mtoto apelekwe bembeani akiwa na umri gani. Nesi wa zahanati ya jirani alisema minne inatosha, bora asiwe na mafua. Muuza samaki alisema wa kwake alikwenda na mitatu, akalala usingizi tangu getini mpaka waliporudi, na akiulizwa leo anasema alifurahi sana. Yule mwalimu mstaafu ninayemtia rangi alisema minane, tena alisema haraka. Huyo simhesabu, maana mtu aliyeinamisha kichwa mbele ya chanuo langu hanibishii sana. Mwisho fundi viatu, aliyekuja kumsubiri mkewe, akasema umri unaofaa ni ule ambao mtoto amepata wa kumpeleka. Nilimwambia asubirie nje.

Ukweli ni kwamba safari yenyewe haikuniudhi sana. Baba yake ni baba yake, na pamoja na yote yaliyotutenganisha, mafriji anayoyatengeneza hayajawahi kumfanya amsahau mwanawe. Kilichonikaa kooni ni kwamba wangekwenda na mkewe, yule ninayemwita Bi Tabasamu. Unamjua, anapokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, na nadhani kutabasamu kumo kwenye mkataba wake wa kazi. Laiti angekuwa mkorofi, dada! Ningemchukia nikapumzika. Lakini huyo mwanamke hajanikosea kitu. Mtoto akienda kwao anarudi kwa saa tuliyopatana, nguo zimekunjwa, daftari la shule limetiwa jalada. Ananisalimu kwa heshima na kuniita dada. Mtoto anamwita mama mdogo, kama inavyostahili, na mimi kila nikisikia neno hilo najitia hamnazo huku roho inaniuma.

Hata hivyo walinishinda. Shule zilipofungwa, baba yake alikuja mwenyewe akaniuliza, kwa upole, kama naogopa mtoto atadhurika au naogopa atafurahi. Nikamwambia wampeleke, ila wasimpandishe kitu chochote kirefu. Akacheka, akasema kila kitu kule ni kirefu.

Siku waliyokwenda ilikuwa Jumamosi, na nilikuwa na bibi harusi na mashangazi zake. Mwili ulikuwa saluni, akili iko bembeani. Nilimchoma bibi harusi sikio. Shangazi mmoja nilimpaka dawa ya mtu mwingine, bahati nikagundua mapema. Adhuhuri simu ikaingiza ujumbe, kumbe ni picha. Mwanangu kafumbua mdomo, meno yote nje hata yale mapengo, kaketi kwenye kigari cha rangi nyekundu. Nyuma yake kuna mtu ambaye hakuonekana uso. Niliikuza ile picha mpaka nikabaki na mkono peke yake, mkono mwembamba wenye saa, umemshika mwanangu tumboni. Niliutazama ule mkono muda mrefu kuliko nilivyomtazama mtoto. Mashangazi wakaniuliza kama kuna msiba.

Jioni wakamrudisha. Bi Tabasamu akaeleza, kama anayeomba radhi, kwamba mtoto alilowa kwenye mtelezo wa maji na nywele nilizomsuka zikafumuka, hivyo amemsuka upya ili asirudi ovyo. Dada, ungeziona! Mistari imepinda kama njia za mbuzi, mmoja mnene, mwingine umekonda, na kila ncha ina shanga za plastiki walizonunua hukohuko. Chiriku alikuwa anatikisa kichwa makusudi ili shanga zigongane, anazisikiliza, anacheka. Niliwashukuru, nikafunga mlango. Kisha nikamkalisha kwenye kiti na kuzifumua zote. Nilikuwa nasema kwa sauti kwamba kazi gani hii, nani amekufanyia hivi, mtoto wa msusi atatembeaje na kichwa cha namna hii. Sikumvuta kwa nguvu, lakini mkono nao una lugha yake. Shanga nilizitia kwenye kopo, nikaliweka juu ya kabati.

Alikuwa kimya. Mimi mjinga nikadhani ni uchovu. Baadaye nikamuuliza, huku nimempa mgongo, kwamba huko bembeani kulikuwaje. Nilipogeuka akanitazama usoni, akaniambia hakukuwa kuzuri. Kulikuwa na jua, kulikuwa na foleni, na gurudumu lile ni la kawaida tu. Akasema kweli yeye bado mdogo.

Nilifurahi, dada. Naandika neno hili nikiona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi mpaka nikamkaangia viazi. Wiki nzima nilikuwa naimba saluni. Nesi alipokuja nilimwambia unaona, si nilisema, amerudi hana hata la kusimulia. Huyu mtoto tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo haumkauki, anayeweza kukusimulia safari ya kwenda dukani mpaka uombe maji, amekwenda kwenye bustani kubwa kuliko zote na hana la kusimulia, na mimi mama yake nikaona ni jambo la kujivunia. Nesi alinitazama, akakohoa, akaomba nimsuke mistari ya kulala.

Sasa sikiliza lililotokea Alhamisi. Nilitoka kwenda kuchota maji ya kusuuzia kwenye pipa la nyuma. Mwalimu mstaafu alikuwa ameketi chini ya draya, kofia imemfunika masikio, mashine inavuma, macho kayafumba nusu. Niliporudi na ndoo nikasikia sauti ya mwanangu, nikasimama nyuma ya pazia. Alikuwa amejisogeza kwenye stuli mbele ya mwalimu na anasimulia. Anasimulia, dada! Mikono inapaa, miguu inapaa. Kitreni kinapanda polepole kama kizee, halafu kinaanguka na tumbo linabaki juu. Farasi wa mbao mmoja hana sikio na yeye ndiye aliyemchagua kwa sababu wenzake walimkataa. Maji ya mtelezo yameingia puani mwa baba mpaka akapiga chafya kama lori. Mwalimu hasikii hata neno moja, anaitikia kwa kichwa tu kwa adabu za ualimu. Nikaelewa kwamba hakuwa amemchagua ovyo. Alikuwa ametafuta mtu mzima ambaye masikio yake yamezibwa.

Nikaingia na ndoo. Aliponiona alinyamaza katikati ya neno, akashuka kwenye stuli, akaanza kuokota nywele sakafuni ambazo sikumtuma aziokote. Akaniambia walikuwa wanaongea mambo ya shule.

Nikaitua ndoo chini. Mimi niliyebishana na nusu ya mji kuhusu umri wa kupanda bembea sikuwahi kujiuliza ni umri gani mtoto anapaswa kuanza kuficha furaha yake ili mama asiumie. Miaka sita, dada. Kwa hilo alikuwa mdogo kweli, na hakuna aliyemwonea huruma. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini wivu wangu mimi ulikuwa unamla mtoto.

Mwalimu alipoondoka nilifunga mlango mapema, nikamlaza Chiriku kwenye kiti cha beseni la kuoshea nywele, kichwa nyuma, uso juu, kama wateja wakubwa. Hicho ni kiti anachokipenda. Nikamwambia nimemsikia, na kwamba nataka kusikia mwanzo mpaka mwisho. Akaniuliza kama sitanuna. Nikasema sitanuna. Akaniuliza tena. Basi akaanza, na kila alipofika penye utamu sauti inashuka, macho yananikagua usoni kutoka kule chini. Mimi namimina maji, najikaza kisabuni. Usidhani nilikuwa nimepona. Kila alipotaja mama mdogo nilichomwa upya: mama mdogo alimshikia viatu, mama mdogo alipiga kelele kuliko watu wote, mama mdogo aliogopa wakacheka mpaka wakakosa mbavu. Nilitaka kicheko hicho kiwe changu. Lakini nilijilazimisha kuuliza na kuuliza tena, ikawa nacheka pale panapochekesha, na sauti yake ikapanda kidogo kidogo mpaka akawa anarusha povu.

Kisha akajifuta povu shavuni. Akaniambia kuna jambo moja zaidi, na kwamba kwa hilo nitanuna. Nikamwambia aseme.

Akasema walipokuwa juu kabisa gurudumu lilisimama. Upepo ukawa unatikisa kile kiti, na chini watu walikuwa wadogo. Baba alikuwa amebaki chini kushika mizigo. Akaogopa sana, akafumba macho akalia akiita mama. Hakuita mama mdogo, aliita mama, basi. Na mama mdogo akamkumbatia, akaitika, akamwambia mama yupo, mama yupo, mpaka gurudumu likaanza kwenda tena.

Sijui uso wangu ulifanya nini, dada. Nilijua tu kwamba maji yanamwagika sakafuni na siyafungi. Yeye alikuwa ananitazama kutoka ndani ya beseni, povu limemshuka kwenye nyusi, na akasema upesi upesi kwamba alikuwa ananiita mimi. Ni mimi niliyekuwa naitwa, ila sikuwepo, ndiyo maana akaitika mama mdogo.

Nikambusu paji la uso, nikamwambia mama mdogo alifanya vizuri kuitika. Hilo nililisema, na nilisema kweli, japo lilinitoka kwa shida kama jino. Kesho yake nilimpigia Bi Tabasamu kumshukuru. Nilisikia kabisa kwamba siku hiyo alikuwa hatabasamu, alikuwa analia. Akaniambia tangu siku ile alikuwa anaogopa nikisikia nitamzuia mtoto asiende tena kwao. Nikamwambia aje saluni nimfundishe kugawa mistari, maana ile aliyomsuka ilikuwa balaa. Akacheka. Bado simpendi sana, usinisukume, lakini atakuja Jumatatu.

Ila kuna kitu kinanitesa, na ndicho kilichonifanya nikuandikie. Aliponiambia kwamba kule juu alikuwa ananiita mimi, alinitazama vilevile alivyonitazama siku aliponiambia gurudumu ni la kawaida tu. Macho yaleyale. Nimemfundisha mwenyewe kuniambia ninachotaka kusikia, na amefuzu. Sasa ameniambia neno tamu kuliko yote niliyopata kuambiwa na mwanangu, na sina njia ya kujua kama ni kweli.

Goti likipona mje mtutembelee, wewe na shemeji. Utamkuta Chiriku mlangoni. Mchukue mtoke naye wawili tu, mtembee popote, umuulize habari za gurudumu. Muulize polepole, wala usimwambie nimekutuma. Kuhusu kama kule juu alikuwa ananiita mimi kweli, usije ukaniletea jibu lake, liwe zuri au baya, libaki kwako. Ukirudi niambie tu kama alisimulia bila kugeuka kuangalia nyuma.

Wasalimie wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka pia, waanze kunikumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa nyumba yetu, msusi mwenye wivu.